Goti ama Sikio? Askari Waliojeruhiwa na Haki ya Kuambiwa Sababu



Tulitembelewa ofisini mwetu hapa mjini Nyeri na mtu mmoja aliyekuwa askari. Alipanda ngazi polepole, mkono mmoja ukishika ukuta, na alipoketi aligeuza kiti ili sikio lake la kulia lituelekee. Alikuwa na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na kitambulisho, hati ya kuachishwa kazi kwa sababu za kiafya, na barua ya ukurasa mmoja. Barua ile ilisema kwamba bodi ya madaktari ilikuwa imemkagua, na kwamba ulemavu wake uliotokana na utumishi ulikuwa umekadiriwa kuwa asilimia 20. Mengine yaliyosalia yalikuwa ni salamu na sahihi.

Akatuuliza: "Wakili, hiyo ishirini ni ya goti ama ni ya sikio?"

Tuliisoma barua mara ya pili. Hatukujua. Goti lake liliumia alipokuwa Somalia na sikio la kushoto likazibwa na mlipuko siku hiyo hiyo. Lakini barua haikutaja goti, haikutaja sikio, wala haikusema ni kipimo gani kilichotumika kupata hiyo ishirini. Alitaka kukata rufaa. Nasi tulitaka kumsaidia. Lakini mtu hukata rufaa dhidi ya hoja, na hapa hapakuwa na hoja yoyote, palikuwa na tarakimu peke yake.

Baadhi yenu mtasema kwamba hili ni jambo la wanajeshi, na kwamba gazeti la wapigania mageuzi lina mambo mengine ya kuandika. Tunaomba mtuvumilie. Tulipokuwa tukidai kuondolewa kwa Kifungu cha 2A, ambacho Bunge lilikifuta mwezi wa Desemba 1991, hatukuwa tukidai vyama vingi kwa ajili ya kupenda rangi za bendera. Tulikuwa tumechoshwa na maneno mawili: "amri kutoka juu." Mwalimu alihamishwa kwa amri kutoka juu. Kioski kilibomolewa kwa amri kutoka juu. Mwaka 1988 watu walisimama katika milolongo mchana kweupe, mlolongo mrefu ukatangazwa kuwa mfupi, na aliyeuliza sababu akaitwa adui wa serikali. Marehemu Askofu David Gitari aliyakemea hayo kutoka mimbari huku huku kwetu chini ya Mlima, na Wakristo wengi wanaosoma ukurasa huu walikuwa wameketi mbele yake. Kiini cha mageuzi yale kilikuwa ni raia kuweza kumwuliza mwenye mamlaka: kwa nini? Askari huyu ameuliza swali lilo hilo, kwa sauti ya chini kuliko yetu, kwa kuwa alifunzwa kutouliza.

Na eneo letu halipaswi kuwa geni katika jambo hili. Wazee wa wazee wetu walichukuliwa katika vita vya 1914 hadi 1918 kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza. Jina la kikosi chao, Kariokor, bado limebaki midomoni mwa watu wa Nairobi kama jina la mtaa na soko. Walikufa kwa maelfu kwa maelfu, zaidi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi, na malipo ya wengi wao hayakuwafikia jamaa zao. Kisha ikaja vita ya pili, na vijana wa Nyeri wakavaa sare za Keya wakafika hadi Burma. Waruhiu Itote, ambaye baadaye nchi nzima ilimjua kama Jenerali China, alikuwa mmoja wao. Waliporudi walipewa kiinua mgongo. Na mwaka 2019 vyombo vya habari vilichapisha hati za serikali ya Uingereza zilizoonyesha kwamba malipo hayo yalipangwa kwa rangi ya ngozi, Mwafrika akipata hata theluthi moja tu ya alichopata mzungu wa cheo sawa na chake katika majeshi ya makoloni. Basi ukadiriaji wa thamani ya mwili wa askari bila kumweleza sababu haukuanza juzi. Tuliurithi pamoja na kambi na mabuti.

Kuna kesi mbili ambazo kila mwanaharakati wa Nyeri anazijua kwa majina, na ambazo twadhani hazijasomwa vizuri. Mwaka 2009 wazee wetu wa Mau Mau walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya London dhidi ya serikali ya Uingereza kwa mateso waliyoyapata kizuizini. Miongoni mwa walioisimamisha alikuwa Mzee Wambugu wa Nyingi wa hapa Nyeri, aliyenusurika mauaji ya Hola ya mwezi wa Machi 1959, ambako wafungwa 11 walipigwa hadi kufa. Serikali ya Uingereza ilijitetea kwamba muda ulikuwa umepita. Jaji alikataa hoja hiyo mwaka 2012, na mwezi wa Juni 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Ni nini kilichowasaidia? Ujasiri wao, ndiyo. Lakini pia karatasi. Mwaka 2011 ilibidi serikali ile ikiri kwamba ilikuwa imehifadhi maelfu ya faili za makoloni mahali paitwapo Hanslope Park, faili ambazo hazikuwa zimefunguliwa kwa mtu yeyote.

Kesi ya pili ilifuata, ya watu zaidi ya 40,000. Mwaka 2018 ilitupiliwa mbali. Mashahidi wengi walikuwa wamekufa, kumbukumbu zimefifia, na mahakama haikuwa tayari kuupuuza muda uliopita. Tofauti kati ya wale 5,228 na hawa 40,000 haikuwa uchungu wa majeraha. Tunayasema haya kwa askari wa leo aliyeiweka barua yake chini ya godoro akingoja siku atakapopata nguvu ya kuuliza: faili yako inazidi kuzeeka, na daktari aliyekutibu kambini huenda amestaafu naye.

Sasa tuje kwenye sheria, nasi tutajitahidi tusiwachoshe.

Mfanyakazi wa kiwanda cha chai kule Othaya akikatwa vidole na mashine, analindwa na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007. Mwishoni mwa sheria hiyo pana jedwali ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma: kupoteza miguu miwili ni asilimia 100, kupofuka kabisa ni asilimia 100, na kadhalika hadi vidole. Asiporidhika ana siku 60 za kumwandikia pingamizi Mkurugenzi, na Mkurugenzi akishajibu kwa maandishi ana siku 30 za kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo inakaa hapa hapa Nyeri. Hatusemi kwamba mfanyakazi huyo anapata haki yake kwa urahisi. Tumewaona wengi wakizungushwa. Lakini angalau anajua mlango uko wapi, na anajua kidole chake kimeandikiwa nini.

Sheria hiyo hiyo, katika vifungu vyake vya mwanzo, inasema kwamba inawahusu waajiriwa wote, hata wa serikali, isipokuwa wanajeshi. Wanajeshi wana kanuni zao za pensheni. Sababu yake inaeleweka, kwa maana kazi ya vita si kazi ya kiwanda, na askari anastahili kuangaliwa kwa jicho la pekee. Lakini jicho la pekee likigeuka kuwa chumba chenye giza, aliyetoka Somalia na goti bovu anajikuta na kinga ndogo kuliko jirani yake anayechuma chai. Shukrani ya punda, waliambiwa wahenga, ni mateke.

Hapo ndipo tunaposikia jibu ambalo hata mawakili wenzetu hulikubali haraka mno: "Hao ni wanajeshi, Katiba imewapunguzia haki." Tunawaomba wasomaji waifungue Katiba ya 2010, Kifungu cha 24, ibara ndogo ya tano. Ni kweli kwamba kinaruhusu sheria kupunguza baadhi ya haki za walio katika Majeshi ya Ulinzi na polisi. Lakini haki hizo zimetajwa moja moja, nazo ni sita: faragha, uhuru wa kujumuika, uhuru wa kukusanyika na kuandamana, mahusiano ya kazi, haki za kiuchumi na kijamii, na haki za mtu aliyekamatwa. Ziko hizo tu. Kifungu cha 47, kinachompa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za serikali kwa namna ya haki, ya upesi na ya kisheria, na kupewa sababu kwa maandishi anapoathiriwa na uamuzi, hakimo katika orodha ile. Waandishi wa Katiba walikuwa na kalamu mkononi na nafasi kwenye karatasi. Hawakukiandika. Na huyu wetu, zaidi ya hayo, amekwisha vua sare.

Bunge lilikipa kifungu hicho meno mwaka 2015 kwa Sheria ya Haki katika Hatua za Kiutawala. Kwa mujibu wa kifungu cha 6 cha sheria hiyo, aliyeathiriwa na uamuzi anaweza kuomba sababu pamoja na hati zitakazomsaidia kukata rufaa, na ofisi iliyoombwa ina miezi mitatu ya kujibu kwa maandishi. Isipojibu, mahakama itachukulia kwamba uamuzi ulifanywa bila sababu nzuri, mpaka ofisi hiyo ithibitishe vingine. Someni tena sentensi hiyo. Kunyamaza kwa serikali, ambako zamani kulikuwa ngao yake, sasa kunahesabiwa dhidi yake. Na iko Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayotaka ombi la raia liamuliwe katika siku 21. Anayenyimwa anaweza kwenda kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki bila kulipa wakili hata senti.

Tutaambiwa kwamba mambo ya jeshi ni siri. Baadhi yake ni siri, na inafaa yawe siri. Hatuna haja ya kujua kikosi fulani kilikuwa na mizinga mingapi, au kilipita njia gani. Lakini picha ya eksirei ya goti la mtu mwenyewe si siri ya ulinzi wa taifa. Sheria inaruhusu kuzuia kile ambacho kikitoka kitaihatarisha nchi. Hairuhusu kukiita hatari kila kilichomo ndani ya kabati.

Tutaambiwa pia kwamba wako wadanganyifu, watu walioumia wakicheza mpira wa mtaani kisha wakataka walipwe kama waliojeruhiwa vitani. Wako. Tumekutana nao, na mmoja wao alituelekeza vizuri sana uwanja alikovunjikia. Lakini dawa ya udanganyifu ni sababu zilizoandikwa. Bodi inayoeleza kwa nini imekubali jeraha hili na kukataa lile ndiyo inayomfichua mwongo na kumtuliza mkweli. Bodi inayotoa tarakimu tupu huwafanya wote wawili waondoke wakinung'unika, na hakuna ajuaye ni nani kati yao mwenye haki ya kunung'unika.

Turuhusuni kidogo kuwachokoza wenzetu wa taaluma. Hakuna wakili katika Mahakama za Nyeri, Kerugoya, Embu au Meru ambaye hajaitaja kesi ya Miller dhidi ya Waziri wa Pensheni, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1947 na Jaji Denning. Tunaitaja kila juma tunapobishana juu ya kiwango cha ushahidi. Je, ni wangapi kati yetu wanaokumbuka ilihusu nini? Ilihusu mjane wa askari aliyekufa kwa saratani, na swali lilikuwa kama kifo kile kilitokana na utumishi wake vitani. Na nyuma ya kesi hiyo palikuwa na kanuni ya mwaka 1943, iliyosema kwamba askari asibebeshwe mzigo wa kuthibitisha dai lake, na kwamba shaka yoyote ya haki imwendee yeye. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya mabaraza ya rufaa za pensheni, yaliyosimama nje ya wizara iliyokataa madai. Kanuni ile iliandikwa kwa ajili ya askari wa Uingereza. Sisi tukaichukua kesi, tukaifanya fimbo ya kila shauri la mpaka wa shamba na la ajali ya matatu, tukamwacha nje askari aliyeizaa. Marekani nayo, iliyowakatalia wanajeshi wake wastaafu mlango wa mahakama kwa miaka mingi, iliufungua mwaka 1988 na kuwaundia mahakama maalumu ya rufaa. Nchi hizo hazikuanguka kwa kufanya hivyo.

Kwetu, mwaka 2022 ilipitishwa Sheria ya Wanajeshi Wastaafu, nasi tunaipongeza. Tunachotaka sasa si kingi. Kila barua ya asilimia itaje kila jeraha kwa jina lake, kipimo kilichotumika, na siku ya mwisho ya kukata rufaa. Rufaa isisikizwe na mtu aliyekwisha tia sahihi uamuzi wa kwanza. Na jeraha linalokua lipimwe tena, kwa sababu goti la mtu wa miaka 35 si goti lile lile akifika 50.

Juu ya majeraha yasiyoonekana tutasema zaidi kidogo, kwa kuwa hapo ndipo kanisa linapoingia. Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016 kambi ya askari wetu ilishambuliwa kule El Adde, na mwaka uliofuata, tarehe 27 Januari, ikashambuliwa ile ya Kulbiyow. Walionusurika walirudi nyumbani, wengine wao katika vijiji na miji hii ya kwetu, kutoka Mukurwe-ini hadi Nanyuki. Hawana bandeji. Wanaamka usiku wakipiga kelele, wanakaa mbali na milango ya kanisa ili waweze kutoka upesi, wengine wameingia kwenye pombe na wake zao wamewapeleka kwa mchungaji badala ya daktari. Basi mchungaji, na padre, na mama wa Woman's Guild aliyekwenda kuwafariji, ndio mashahidi wa kwanza wa ugonjwa huo. Aliyemwona mtu kabla ya kwenda na baada ya kurudi ana ushahidi ambao daktari wa dakika kumi hana. Uandikwe, utiwe tarehe, uapishwe mbele ya kamishna wa viapo. Kuomba pamoja naye ni jambo jema, nasi hatulipunguzi. Ila maombi hayazuii mtu kuandika ukurasa mmoja.

Mnamkumbuka Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, aliyelemaa miguu yote miwili tangu utoto, siku habari za vita zilipofika na yaya wake akakimbia naye. Mfalme Daudi hakumngoja aje kubisha hodi. Alituma watu wamtafute. Katika parokia zetu twawajua hawa kwa majina na kwa nyumba zao, nasi huwangoja walete bahasha.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui. Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu au kikundi kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine asiyeweza kwenda mwenyewe, na kinasema kwamba ada isitozwe kwa kufungua shauri la haki za msingi. Jumuiya ya kanisa inaweza kufanya hivyo. Tunaonya tu kwamba mahakama itauliza kwanza kama njia za ndani za rufaa zimekwisha kufuatwa. Kwa hiyo rufaa ya ndani isirukwe, hata kama hamna imani nayo. Na sisi mawakili tuache tabia ya kuandika malalamiko ya kurasa kumi yaliyojaa Kilatini bila ripoti hata moja ya daktari. Daktari wa pili, aliyemwona mgonjwa kwa utulivu katika hospitali ya Mathari au Tumutumu, ana uzito kuliko ufasaha wetu wote.

Na waliochelewa je? Hao wasikate tamaa, ingawa njia yao ina mwinuko. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula katika Uhuru Park, wakiwa na binti yetu wa Tetu, Profesa Wangari Maathai. Tarehe 3 Machi polisi waliwapiga, naye Profesa akapoteza fahamu. Kanisa la All Saints likawapa hifadhi. Miaka mingi baadaye akina mama hao waliishtaki serikali, mahakama za chini zikasema wamechelewa mno. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba kuchelewa kwao kulikuwa na maelezo yanayoeleweka, ukizingatia hali ya nchi ilivyokuwa, ikawapa haki. Mwenye maelezo ya kweli ya kuchelewa kwake na ayaandike mapema, kabla hajaulizwa.

Yule aliyetutembelea tulimwandikia ombi la kurasa mbili. Tuliomba vitu vitatu: sababu za uamuzi, kipimo kilichotumika, na nakala ya faili yake ya matibabu. Alitia sahihi, akakataa chai, akaenda mwenyewe kulipeleka kwa mkono na kurudi na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Tumeandika tarehe ya muhuri huo kwenye kalenda iliyo ukutani mwa ofisi, na kuhesabu miezi mitatu mbele, tukazungushia siku ile duara jekundu.